Nyumba Ambayo Sikuinunua

Mke wangu alikuwa muuguzi, na kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kutoamini kitu kwa kukitazama juu juu. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nilikuwa nimechoka. Tulikuwa tumekaa miaka saba katika vyumba viwili vya kupanga pale sokoni. Upande mmoja kulikuwa na mashine ya kusaga mahindi, upande wa pili jirani aliyefungua redio alfajiri na kuisahau, na watoto wetu watatu walilala kitanda kimoja wakipigana mateke. Kwa hivyo mwenzangu wa shule aliponiambia kwamba mzee mmoja wa kanisa letu anauza nyumba yake, mwendo mfupi kutoka Kapkatet, sikungoja. Masomo yalipoisha nilipanda baiskeli nikaenda.

Nyumba ilinishika moyo kabla sijafika mlangoni. Ilikuwa ya mawe, vyumba vinne, mabati juu, dari ya mbao, tangi la maji ya mvua kwenye kona, na majani chai yakianza pale pale ua ulipoishia. Mzee alinikaribisha kwa mursik, yale maziwa ya kibuyu yenye harufu ya mkaa. Akanieleza kwamba anahamia upande wa Chebunyo, ambako ana shamba la ng'ombe, kwa sababu magoti yake yamekataa baridi ya huku. Nilizunguka vyumba nikiwa na kikombe mkononi. Nilifungua mlango mmoja, nikaufunga. Nikachungulia dirishani, nikaona chai. "Nyumba nzuri sana, mzee," nikasema. Huo ndio ulikuwa ukaguzi wangu wote.

Jumapili baada ya ibada nilimpeleka mke wangu. Alisimama katikati ya sebule akanusa kama mtu aliyeingia wodini na kukuta dirisha halijafunguliwa siku mbili.

"Mzee, mbona huu ukuta mmoja una rangi mpya na hizi nyingine zina ya zamani?"

"Rangi iliisha, mama."

"Ikaishia hapo hapo kwenye kona?"

Nilimkanyaga mguu polepole. Akautoa mguu wake na kuendelea kutazama ukuta. Njiani kurudi tukagombana hadi sokoni.

"Ukinunua ng'ombe," aliniambia, "unamfungua mdomo, unamshika chuchu zote nne, unauliza amezaa mara ngapi. Nyumba unataka kuinunua kwa kunywa maziwa tu?"

"Yule ni mzee wa kanisa!"

"Mimi sikagui kanisa. Nakagua ukuta."

Alikuwa anamjua fundi mmoja wa mawe kutoka ng'ambo ya Chepilat, aliyemjengea kaka yake. Akamwita bila kuniuliza. Basi ikawa kazi yangu kumwambia mzee kwamba Jumamosi tunakuja na fundi, na niliona haya mpaka nikadanganya. Nilimwambia fundi anakuja kupima madirisha, ili mke wangu ajue atanunua mapazia ya ukubwa gani.

Fundi alifika na nyundo, msumari mrefu, na kamba yenye kipande cha chuma mwishoni ya kupimia kama ukuta umesimama wima. Alikuwa mtu mwembamba asiye na maneno. Alisalimu, akavua kofia, akaenda moja kwa moja kwenye ule ukuta wa rangi mpya na kuugonga kwa nyundo.

Mzee alinigeukia. "Mwalimu, siku hizi madirisha yanapimwa kwa nyundo?"

Fundi aliingiza ncha ya msumari kwenye plasta na kuusukuma kwa kidole gumba, ukazama. Akauvuta, na kipande kikubwa kama sahani kikaanguka chini. Nyuma yake mawe yalikuwa meusi kwa unyevu. Alitoka nje akatuonyesha sababu: udongo ulikuwa umerundikana nyuma ya nyumba kupita usawa wa sakafu, na kila mvua iliyoshuka kutoka shambani iliegemea ukuta huo.

"Hilo ni jasho tu," mzee akasema. "Nyumba zote za huku hutoa jasho."

Fundi akapanda darini. Tulimsikia akitambaa, akipiga chafya. Aliposhuka alikuwa na vumbi hadi kwenye kope, na kiganjani alikuwa na unga wa mbao. Mchwa. Mbao mbili za paa zilikuwa zimebaki ganda. Tena, akasema, mvua ya mawe ilikuwa imetoboa mabati sehemu nyingi, na mtu akaziba matundu kwa lami.

"Mchwa wako kila mahali," mzee akasema. "Hata kanisani wako."

Hivyo ndivyo ilivyokwenda asubuhi yote. Kila kasoro ilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa kwamba watu wote wana kasoro hiyo hiyo. Ningepaswa kumkasirikia mzee. Lakini ukweli ni kwamba niliyemkasirikia ni mke wangu, kwa namna alivyotikisa kichwa kila fundi alipopata kitu, na fundi mwenyewe, ambaye niliona kama anafurahia. Nilijikuta naitetea nyumba. "Hilo si kubwa," nilisema juu ya mchwa. "Udongo unachimbwa siku moja," nilisema juu ya ukuta.

Mke wangu alinitazama. "Wewe unauza ama unanunua?"

Tulimalizia jikoni. Chumba hicho kilikuwa kimeongezwa baadaye nyuma ya nyumba, na mke wa mzee alikuwa humo, ameketi kwenye kigoda akikata mboga. Tangu tufike alikuwa ametusalimu tu akarudi kwenye kazi yake. Fundi alipiga magoti akaanza kugonga sakafu, hatua kwa hatua kutoka mlangoni. Ko, ko, ko. Alipofika karibu na kabati sauti ikabadilika, ikawa ya ngoma. Akarudi nyuma, akagonga tena. Akasogeza kabati. Chini yake kulikuwa na ufa mrefu uliozunguka kama ukingo wa sufuria.

"Hapo simiti ni nene," mzee akasema.

"Simiti nene hailii hivi," fundi akajibu. Hayo yalikuwa maneno yake marefu kupita yote siku hiyo.

Ndipo mke wa mzee akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye mboga zake, "Hapo palikuwa choo."

"Mama!" mzee akamkatiza.

"Palikuwa choo. Mlijaza takataka na udongo, mkamwaga simiti juu. Nilikuambia. Miaka tisa napika nikiwa nimejibana upande huu." Akaweka kisu chini na kumtazama mke wangu, siyo mimi. "Una watoto wadogo, nimewaona kanisani. Sitaki mtoto wa mtu aingie humo."

Mzee alitoka akasimama uani akitugeuzia mgongo. Tulipopita kuaga aliniambia kwa sauti ndogo, "Mwalimu, umeniletea askari nyumbani kwangu." Jumapili tatu zilizofuata hakunipa mkono. Na mimi, badala ya kushukuru kwamba nimeokolewa, nilikaa wiki nzima nimenuna katika vyumba vyetu viwili, nikisikiliza mashine ya kusaga.

Haikupita miezi miwili nikasikia kwamba karani mmoja wa kiwanda cha majani chai anainunua. Nilikuwa namfahamu kidogo. Mtoto wake mkubwa alikuwa darasani kwangu. Nilimfuata nyumbani kwake nikamweleza yote: ukuta, mchwa, jikoni. Akacheka.

"Mwalimu, umekosa hiyo nyumba, sasa unataka na mimi niikose?"

"Muulize mama mwenye nyumba."

Lakini mama alikuwa ametangulia Chebunyo na ng'ombe, na aliyebaki kujibu maswali ni mzee. Mke wangu aliniambia nirudi tena kwa karani. Nilirudi. Safari hiyo hakunikaribisha hata kuketi. Akanunua, akahamia, akapaka rangi kuta zote.

Mvua za masika zilipokolea, asubuhi moja sakafu ya jikoni ikashuka. Familia ilikuwa sebuleni ikinywa chai, ashukuriwe Mungu. Walisikia kishindo, wakakimbia, wakakuta shimo, na ndani yake kabati, thamosi na nusu gunia la mahindi.

Mimi nilikuwa katikati ya somo la hesabu karani aliposimama mlangoni pa darasa, viatu vimejaa matope.

"Mwalimu, ulijua!"

Watoto wote waligeuka. "Nilikuambia," nikasema. "Nilikuambia mara mbili!"

"Hukuniambia kwa nguvu! Mtu anayejua jambo kama hilo hupiga kelele. Wewe ulikuja ukaongea kama mtu anayeuliza njia."

Chaki ilivunjika mkononi mwangu. Nikipiga kelele nina wivu. Nikisema polepole nimemficha. Nilimwomba angoje kengele, akangoja nje ya dirisha, akinitazama nikifundisha kugawanya.

Nilimpeleka kwetu nikitumaini mke wangu angemkemea. Badala yake alimpa chai, akamuuliza mke wake anapikia wapi. Akajibu nje, chini ya kipande cha bati, mvua ikinyesha. Mke wangu akamwelekeza kwa yule fundi, kisha akaongeza, nami nikiwa nimeketi hapo hapo, "Na mwalimu atakuja kusaidia. Jumamosi hana kazi."

Jumamosi tatu nilibeba mawe kujaza shimo la choo katika nyumba ambayo sikuinunua. Karani alibeba upande wa pili wa karai, na kila tulipopumzika alinikumbusha kwamba ningepaza sauti tusingekuwa hapo. Fundi alipanga mawe, akatandika vyuma, akamwaga simiti. Siku ya kumaliza mke wa karani alituwekea chai kwenye meza mpya na kunishukuru kwa upole mwingi, mpaka nikashindwa hata kukasirika vizuri.

Sisi tulikaa sokoni miaka miwili zaidi. Tulitazama nyumba nyingine nne, kila moja na fundi, na zote nne nilizipenda na zote nne mke wangu akazikataa. Ya tano ilikuwa ndogo, yenye madirisha ya kubana, imegeukia barabara ya magari ya chai, na hakuna pahali ungesimama ukaona shamba. Fundi aligonga kila kona, akapanda darini, akashuka akipangusa mikono.

"Hii ni kavu," akasema.

Niliichukia nyumba hiyo. Tuliinunua mwezi huo huo.