Nyumba Iliyoupa Upepo Mgongo

Mama yetu ana nyumba ya vyumba vinne hapa Kilwa Kivinje, yenye bati jekundu, dari ya jipsamu iliyochongwa maua na madirisha ya vioo vya kusukuma, na tangu kaskazi, msimu wa joto, ilipoingia analala jikoni. Sisemi jiko la ndani, lile la vigae, ambalo hadi leo halijui harufu ya kitunguu. Nasema jiko la uani: kibanda cha fito na udongo, paa la makuti. Ni kipande pekee cha makazi yetu ya zamani tulichosahau kukibomoa.

Wa rika langu hamhitaji kuelezwa kwa nini. Wanetu ndio wanaodhani joto limeingia Kivinje juzi, limekuja pamoja na simu. Sisi tulizaliwa nalo. Ila siku zile mtu alijenga akijua kuwa joto lipo, kama anavyojenga anayejua kuwa mama mkwe atakuja kukaa.

Nyumba tuliyokulia ilikuwa na kuta za mawe na chokaa, nene kiasi kwamba mtoto aliweza kukaa dirishani akala embe asianguke upande wowote. Mlango wa mbele ulitazama baharini, ukaelekeana na mlango wa uani, na katikati palikuwa na ukumbi mtupu. Upepo uliingia mbele bila hodi, ukapita, ukatokea uani na harufu zetu zote. Ukuta haukufika kwenye paa. Kati yake na makuti paliachwa nafasi, na joto likipanda lilitokea hapo. Habari za majirani ziliingilia hapo hapo. Tulijua nani kanuniana na mumewe kabla mume mwenyewe hajajua kosa lake.

Kupoza nyumba kulikuwa na nyakati zake, karibu kama sala. Moto ulizimwa kabla ya adhuhuri. Mwanamke aliyekutwa akipuliza kuni jua la utosini aliulizwa kama ana mgeni au ana wazimu. Mchana madirisha ya upande wa jua yalifungwa, ya upande wa bahari yakaachwa. Baada ya alasiri sisi watoto wa kike tulinyunyiza maji uani na barazani kwa kata, ndipo tukafagia, na ardhi ikatoa ile harufu ya mvua ambayo haijanyesha. Marehemu baba alitusimamia kutoka kwenye kiti chake cha uvivu: "Nyunyizeni, msimwage! Hapa hatupandi mpunga." Mtungi wa maji ulikaa juu ya mchanga mbichi pembeni mwa ukumbi, umefukizwa ubani, na ubaridi wake ulikuwa wa heshima, si huu wa friji unaokuuma meno kama una kisasi nawe. Godoro la sufi lilikunjwa hadi msimu wa kusi wenye baridi. Tulilala kwenye kitanda cha kamba, juu yake mkeka tu, na upepo ulitupata hata mgongoni.

Kulikuwa pia na kipepeo cha ukindu. Baba akila, mmoja wetu alisimama nyuma yake akimpepea. Mkono ukilegea, hakugeuka wala hakuacha kutafuna. "Unanipepea au unaniaga?"

Leo wajukuu wa baba huyo huyo wanavaa jinzi za kubana katikati ya Februari. Wanakaa kwenye sofa la manyoya, dirisha wamelifunga lisiingize vumbi, mapazia ni mawili, moja zito na moja la urembo, na feni inawazungushia hewa ile ile waliyokwisha kuitumia. Kisha wanaandika kwenye simu kwamba Kilwa ni moto kinoma.

Lakini niwatendee haki. Hiyo nyumba hawakuijenga wao. Tuliijenga sisi, watu wazima wenye akili zetu, ndugu wa tumbo moja. Tulijadili rangi ya bati kwenye kundi la simu mpaka watu wawili wakanuniana, na hakuna hata mmoja aliyeuliza upepo unatoka wapi. Fundi alipouliza mlango uelekee upande gani, kaka yangu Saidi, anayefanya biashara Dar es Salaam, alijibu haraka: "Barabarani. Watu wapite waone." Basi nyumba ikaupa upepo mgongo, na huko mgongoni tukaweka choo na stoo. Vinavyopata hewa ya bahari kwetu ni ndoo na magunia. Makuti tukayaita aibu. Hoteli za ufukweni huezekwa makuti hayo hayo, na wazungu hupanda ndege kuja kulala chini yake, lakini wao labda hawajastaarabika.

Mama alivumilia kaskazi ya kwanza. Ya pili ilipoingia alichukua mkeka na mto, akahamia uani. Hakugombana na mtu. "Nyumba nzuri," alituambia. "Wageni wakija wakae."

Hivi karibuni Saidi alikuja na familia yake kutayarisha harusi. Binti yake, Mwajuma, anaolewa, sherehe itafanyika hapa nyumbani, na wakwe wanatoka Dar. Saidi alitaka kibanda kiondoke, ua wote utandikwe vitofali vya pevingi, turubai lisimame juu yake. Mama alikataa. Saidi akatii kama mtoto mwema, akangoja mama aende kisomoni kwa jirani.

Asubuhi hiyo mimi nilikuja kutoka Masoko, ninakoishi, kusaidia kuchambua mchele. Nilimkuta Fundi Athumani juu ya paa. Upande wa mashariki alikwisha kuuvua, makuti meusi kwa masizi ya miaka yamelala chini. Nikiwa bado nabishana na Saidi, mama akarudi. Alisimama katikati ya ua, akatazama juu.

"Athumani, shikamoo hujanipa, unanivulia paa?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shuka."

Fundi alimtazama Saidi aliyemwita, akamtazama mama, akashuka. Mama akaingia chini ya nusu ya paa iliyosalia, akatandika mkeka, akavuta mbuzi yake na kuanza kukuna nazi. Hapo kazi ikawa imekwisha, maana hata fundi wa Kivinje mwenye njaa hamwangushii mama wa watu boriti kichwani.

"Mama, wakwe wanakuja," Saidi alisema. "Wakiona kibanda hiki watatuonaje?"

"Watatuona tumekaa. Kule ndani watatuona tunatota jasho."

"Nitaweka kiyoyozi."

"Weka. Na umeme leo upo?"

Haukuwapo. Ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na feni za nyumba nzima zilikuwa zimetulia kama zimefiwa.

"Lakini bibi naye," Mwajuma alidakia kutoka mlangoni, "haya si mambo ya kizamani?"

"Ya kizamani, ndiyo. Na poda yako inakushuka shingoni, mjukuu wangu. Njoo ukae."

Mwajuma alimtazama baba yake, akaja akakaa. Huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuihama kambi. Mama yake alimfuata na sahani ya mchele, akidai kwamba huku kuna mwanga mzuri wa kuchambulia.

Saidi aliingia ndani peke yake kulinda msimamo. Alikaa sebuleni, kwenye sofa la manyoya, chini ya yale maua ya jipsamu. Kila nilipopita dirishani nilimwona amefungua kifungo kingine cha shati. Baada ya adhuhuri alitoka akisema anamtafuta fundi, ambaye alikwisha kwenda zake kitambo na kila mtu alimwona. Aliegemea ukuta wa kibanda. Kisha akachuchumaa. Kisha akakaa kwenye ncha ya mkeka, kwa upande upande, kama mtu asiyekaa. Nazi nyingine haijaisha kukunwa, kaka yangu alikuwa anakoroma.

Aliamka alasiri, misuko ya mkeka imempiga chapa shavuni.

"Nilikuwa naangalia kama ukuta una nyufa," alisema.

"Umeuangalia kwa jicho gani?" mama akamuuliza.

Msidhani hapo alitubu. Saidi hakuomba radhi, wala hakumwita fundi arudi, si kuvua wala kuezeka. Alirudi Dar, akaandika kwenye kundi la ndugu kwamba suala la uani "limeahirishwa." Vitofali vya pevingi vimepangwa kando ya ukuta, kuku wanalala juu yake. Harusi iko pale pale. Na kibanda kimebaki na paa nusu: upande mmoja makuti, upande wa pili anga.

Zamani jambo hili lisingefika jioni ya pili. Paa likifunguka, wanawake wa mtaa walikuja na makuti mabichi, wakakaa kivulini wakasuka na kusengenya, wanaume wakapanda juu, na mwenye nyumba akapika wali wa nazi. Sisi watoto tulirusha makuti juu na kusifiwa kwa nguvu tusizokuwa nazo. Aliyekuja kusuka hakuuliza zamu, alijua paa lake nalo lina siku yake. Siku hizi mtaa wetu ni bati tupu, kila mtu anaiva chini ya lake, na mabinti waliojifunza kusuka ni wa kutafuta kwa tochi.

Nilimfuata Bi Somoe, mmoja wa wachache wanaosuka bado. Nilimkuta amezungukwa na makuti mpaka kiunoni.

"Yote haya ya hoteli, mwanangu," alisema. "Kwani ninyi si mlisema makuti ni aibu?"

Nilicheka. Nikamuuliza sisi tutapata lini.

"Mtapata. Baada yao."

"Na wao wamebakiza vibanda vingapi?"

"Wanaongeza," alisema, akaendelea kusuka.

Mama amesogeza mkeka wake upande wa magharibi, chini ya nusu yenye paa, na tukimwomba aingie ndani hadi masika yapite anatuuliza kama tumekula. Juzi Saidi aliuliza kwenye kundi kama kipande cha bati hakitafaa kuziba pale palipo wazi. Hakuna aliyemjibu. Tangu jana mawingu yamejaa upande wa kisiwa cha Songo Mnara, mazito, na Bi Somoe bado anaisukia hoteli.