Pini Mdomoni

Mtaa mzima ulimwita Dada Fleshi, jina alilolipata akiwa msichana, na sasa amevuka hamsini bado halijabanduka. Studio yake ilikuwa chumba kimoja: pazia la bluu, kiti cha picha za pasipoti, na kioo cha wateja kujiweka sawa. Kamera yake ilikuwa kuukuu, mfuniko wa betri umeshikiliwa kwa raba bendi.

Mdogo wake wa kiume, mpiga picha wa harusi, alikuwa akimtembelea na begi la lenzi lililompinda bega.

"Dada, hiyo nayo ni kamera au ni kumbukumbu?"

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," dada alimjibu bila kuinua macho. "Wewe jua unalo begi zima, mbona maua siyaoni?"

Mdogo mtu akacheka. Kwa kweli dada hakuwa na ugomvi na vifaa vipya. Aliona tu kwamba kifaa ulichokizoea hakikusumbui, unabaki na nafasi ya kumtazama mtu.

Asubuhi moja alipita kwa mama mshonaji, jirani wa mlango wa tatu, kamera begani, kuchukua sketi yake. Mama yule alikuwa ameinamia cherehani, amevaa shati la marehemu mumewe, pini tatu mdomoni, akicheka kwa pembe ya midomo kwa utani wa mteja. Dada Fleshi akabofya mara moja tu.

Mdogo wake alipoiona picha hiyo alitua begi lake chini.

"Hii haifai kukaa kabatini. Niiweke mtandaoni?"

"Weka," dada alisema, mawazo yake yakiwa kwenye pindo la sketi.

Siku ya pili, kufikia mchana, maelfu walikuwa wameipenda. Wapiga picha wa mbali waliuliza ni lenzi gani, wengine wakabishana wao kwa wao kuhusu kamera. Dada Fleshi alisoma maoni yote, akitabasamu peke yake. Hakuna aliyeuliza yule mama ni nani.

Ndipo mshonaji alipoingia, akakaa kwenye kiti cha pasipoti bila kukaribishwa.

"Jirani, wateja wananionyesha mimi mwenyewe kwenye simu zao. Hata wanangu wameniona. Shati la baba yao wamelitambua."

"Watu wameipenda sana, mama."

"Nimesikia. Lakini wewe hukuniuliza."

Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana maneno yalimwingia. Dada Fleshi akampigia simu mdogo wake.

"Dada, sasa hivi ndipo inapopaa."

"Itoe."

Akachapisha nakala moja, akaipeleka mwenyewe na kuomba radhi. Mshonaji aliitazama kwa muda mrefu. "Mdomo kama mkoba uliokatika zipu," alisema, kisha akaibandika ndani ya mlango wa kabati, anapofungua yeye tu.

Wiki mbili baadaye alikuja studio amesuka upya, amevaa gauni aliloshona mwenyewe, mikono magotini kama anayesubiri daktari.

"Nipige hivi. Hii ndiyo uiweke huko. Na uandike kwamba nashona."

Ikawekwa. Waliipenda watu kumi na mmoja, mdogo mtu akiwemo, shingo upande.

"Kumi na mmoja," mshonaji alisema kwa furaha, "na wawili wanataka gauni kama langu."

Dada Fleshi alijua kwamba picha ya kwanza iliizidi hii kwa mbali. Hakulisema. Ila tangu hapo, akimpiga mtu picha, humgeuzia kamera aone kwanza. Wengi hukubali. Wengine hukataa, naye hufuta, akapiga nyingine.