Sindano Sita kwa Avokado ya Baba

Kazi yangu ni kudunga miti sindano. Najua mnacheka, hata niliosoma nao huniita nesi wa miti. Tunatoboa shina kwa drili, tunachomeka bomba la dawa kwenye kitundu, na mti unaivuta wenyewe mpaka majanini. Sharti iwe asubuhi yenye jua. Mti uliokosa nguvu ya kuvuta, basi tena.

Mama alinipigia simu kutoka nyumbani kwetu Mutuini kusema mti wa avokado unanyauka. Huo ndio mti wa mwisho ambao baba aliupandikiza kabla ya kuugua. Kikonyo, kile kijiti cha kupandikizia, alikifunga kwa kitambaa alichochana kwenye shati lake, na hakuwahi kuonja hata tunda moja. Ulipozaa, mama alikuwa akila tunda la kwanza la kila msimu peke yake, kimya, na hakuna aliyethubutu kumwomba kipande. Nikamwambia, "Nakuja Jumamosi."

Jumamosi hiyo nilikuwa Upper Hill, nikidunga jakaranda za jengo moja la ofisi kwa sababu mkubwa fulani hakutaka majani makavu yaangukie gari lake. Jumamosi iliyofuata, hivyo hivyo, na nyingine tena. Aibu inanishika nikiandika haya, maana kutoka huko hadi kwetu si safari ya kuaga watu.

Nilipofika hatimaye, chini ya mti palikuwa tope tupu. Mama alikuwa akiumwagilia maji kila jioni, hata yale ya kusuuzia vyombo.

"Si unaona vile imelegea? Ni kiu," akaniambia.

Nikapandwa na hasira. Mizizi ilikuwa inaoza kwa unyevu, na mti wa namna hiyo hulegea sawasawa na mti wenye kiu. Kila ndoo aliyomwaga ilizidisha ugonjwa.

"Mama, umeimaliza na maji!"

Nilimfokea mama yangu, mjane, mbele ya mti wa mumewe. Akainamisha kichwa.

"Sasa ningefanya nini? Wewe hukuwa umekuja."

Nilichomeka mabomba sita kuzunguka shina, nikafudikiza ndoo nikaikalia, nikangoja. Jua lilikuwa zuri. Saa mbili nzima zikapita na dawa haijashuka hata kidogo. Nimefanya kazi hii muda wa kutosha kujua maana yake. Mama alipoingia jikoni kuchemsha chai, nilichomoa mabomba moja baada ya jingine, nikamwaga dawa kwenye nyasi, nikayarudisha matupu.

"Imekunywa?" aliuliza, vikombe mkononi.

"Yote."

Akaweka kiganja kwenye shina, akamshukuru Mungu kwa sauti. Nikamwambia asiumwagilie tena. Nikaongeza kwamba mti uliodungwa ni lazima kuuangalia, kwa hiyo nitakuwa nikija kila Jumamosi ya pili.

Sikwenda. Ningeuangaliaje mti niliojua umekufa, na yeye amesimama kando akinisoma uso? Nikawa napiga simu tu.

"Inaendelea aje?"

"Iko tu," alikuwa akijibu, kisha ananiuliza kama nimekula.

Nilirudi miezi kadhaa baadaye, mvua zilipokaribia, kwa sababu matawi makavu yangeweza kuangukia paa la jikoni. Mti ulikuwa umebaki mifupa. Nilikuja na msumeno wa injini. Kabla ya kuuwasha nilijikaza, nikamwambia mama ukweli: kwamba siku ile mti haukunywa kitu, kwamba dawa niliimwaga.

"Nilikuona," akasema. "Dirisha ya jikoni inaangalia huku."

"Mbona ukanyamaza?"

"Ulisema utakuwa unakuja kila Jumamosi ya pili. Nikaona, wacha nikubali imekunywa."

Kisha akaniambia, bila kunilaumu hata kidogo, kwamba Jumamosi hizo zote alikuwa akipika chai ya watu wawili. Niliuweka msumeno chini, nikalia pale pale kwenye shina nililolitoboa.