Kijiti cha Bati cha Taata

Baba yangu, taata kama tulivyomwita kwetu Kimuli, aliosha mchanga wa bati kwenye machimbo ya Kyerwa. Siku moja alirudi na kijiti cha bati, urefu wa kidole, akanikalisha kunifundisha. Chuma, alisema, ni kigumu, ukikigonga kinaitika, ila unyevu ukikipata kutu hukila. Shaba, kama bangili ya mama, hupindika na kugeuka kijani. Bati ni laini, halijui kutu, na huyeyuka hata kwa moto wa kuchomea ndizi.

"Sasa sikiliza." Akakipinda karibu na sikio langu. Kikakwaruza kwa ndani, kama mtu anayetafuna chumvi ya mawe. Nikacheka, nikataka tena na tena.

Mwaka huohuo taata alivuka mpaka kwenda Buganda kutafuta kazi, asirudi. Wanasema subira huvuta heri. Aliyesema hakuwa na baba Buganda. Nilipozidiwa na hamu nilijificha migombani, nikakipinda kijiti mara moja tu, nikiogopa kisije kikakatika. Nilimtaka taata hadi kifua kikaniuma.

Kisha debe letu la maji likatoboka. Bati lililopakwa juu yake lilikuwa limekwanguka, kutu ikala chuma. Nilipanda kutoka mtoni shingo na mgongo vimeloa, nikafika nyumbani na nusu debe. Mama akamwita mhunzi, naye akaja na ulimbo wa kusaidia bati lishike na chuma chake cha kuchomelea, lakini bati la kuzibia hakuwa nalo.

Mama akaninyooshea mkono.

"Ng'o!" nikasema. Enzi zile, kumjibu mama hivyo ni kuomba kiboko.

Hakunipiga. Alinipokonya kijiti, akakiweka sikioni mwake, akakipinda polepole. Akasikiliza, macho chini. Kumbe naye aliijua sauti ile! Nilidhani ni yangu peke yangu.

Akampa mhunzi. "Ziba, mzee wangu. Maji yanatupotea."

Debe halikuvuja tena. Wiki ileile mama alitoa nguo za taata sandukuni, akawagawia baba zangu wadogo, hata koti la kanisani. Hakumngoja tena, wala simlaumu.

Mimi nina wajukuu sasa. Mbwa wakibweka upande wa njia ya mpakani, bado natoka nje kuangalia.