Soseji za Jumapili Ile

Mwaka huu nilirudi Sumbawanga, na nyuma ya bucha nikamkuta mama mmoja anaosha utumbo kwenye karai. Nikasimama pale kama mjinga. Wewe rafiki yangu hujui, mimi nikiona utumbo naona dhambi yangu.

Mama yangu alikuwa mpishi misheni, kwa sista Mjerumani aliyemfundisha kutengeneza soseji za kwao. Sista aliporudi Ulaya, mama akaendelea kuzitengeneza nyumbani. Aliikatakata nyama ya nguruwe mpaka ikawa laini, akatia chumvi, pilipili manga na kungumanga, kisha akaishindilia kwenye utumbo kwa faneli. Kusafisha utumbo ilikuwa kazi ya jirani yetu, mama wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake. Weee, yule mama aliujua utumbo! Aliugeuza ndani nje, akausugua kwa chumvi mpaka ukawa mweupe pe. Wakifanya kazi ile walicheka kutwa nzima, mmoja na Kifipa chake, mwingine na Kisukuma chake, Kiswahili katikati kinapata taabu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mtu anafungua biashara. Bwana mmoja mwenye hoteli mpya mjini akasema atakuja Jumapili kuonja. Zikimpendeza, mama awe mpishi wake. Mama aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Tangu sista aondoke alikuwa analima ulezi na kunung'unika tu.

Jumapili hiyo akaniachia sufuria, akaenda misa. "Maji yapate moto tu, yasichemke. Yakichemka zitapasuka." Lakini mwalimu wetu wa sayansi alikuwa ametutisha na minyoo ya tegu: nyama ya nguruwe ichemshwe mpaka basi! Nikaona mama atamuua mgeni wa watu. Nikasukumia kuni.

Zikapasuka zote. Mgeni akachungulia sufuria, akacheka. "Mama, hii si supu hii?" Akaondoka bila kuonja.

"Nani kachochea moto?" mama akauliza. Nikaogopa fimbo. Nikasema ni jirani. Asubuhi ile alikuwa amepita kutuletea maziwa, basi uongo ukakaa vizuri.

Mama hakumgombeza. Alimnyamazia tu, mpaka anaingia kaburini. Akisalimiwa, anaitikia nusu mdomo. Soseji hakutengeneza tena, na mimi sikujifunza. Leo unipe nyama na utumbo, nitakutazama tu. Na uongo ule niliukalia miaka yote, hata nilipokuwa mtu mzima na akili zangu. Mtu ovyo kabisa mimi.

Kwenye msiba wa mama, jirani yule alikuja, kazeeka, akaosha vyombo siku tatu bila kuombwa. Nilipompa shikamoo, akanishika mkono, akanivuta pembeni.

"Mwanangu, mama yako nilimkosea nini?"

Nikamwambia sijui.