Tonton Hakufa Bukavu

Tonton alipigwa risasi kifuani, akaanguka kando ya mto, na filamu ikaisha. Niliyaona hayo kwa mara ya kwanza nikiwa tayari na mvi, nimesimama mbele ya wanafunzi katika chuo kimoja cha Stockholm, ambako kwa miaka nilikuwa nimefundisha kwamba nyota huyo hafi. Nilishika meza. Mwanafunzi wa safu ya mbele aliniuliza kama nataka maji.

Niliingia idara ya filamu mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikitokea kufundisha Kifaransa kwa watu wazima huko Farsta, pembeni mwa mji. Siku ya kwanza Mkuu wa Idara alinipa ufunguo, kikombe cha kahawa na onyo.

"Hapa hatuulizi kama filamu ni nzuri," alisema. "Juu ya filamu nzuri wasomi wameshaandika vya kutosha. Sisi tunauliza kwa nini mafundi na wauza mikate walipanga foleni."

Alitaka nimwite kwa jina lake la kwanza, kama Wasweden wafanyavyo. Nilishindwa. Nikamwita Mkuu mpaka akazoea.

Somo letu lilikuwa sinema ya Kifaransa iliyopendwa na umma. Tuliigawa kwa tanzu, yaani aina ambazo mtazamaji huzitambua kabla hajakaa vizuri kitini: vichekesho, mapanga na majoho, na polari, ambazo ni filamu za polisi na majambazi. Halafu tulifuata nyota. Kwetu sisi nyota hakuwa mwigizaji tu. Alikuwa ile haiba inayojengeka filamu baada ya filamu, hata mtu analipa kiingilio akijua tayari huyu bwana atatembeaje, atakasirikaje, na ataondokaje. Kwa hiyo tulizilinganisha filamu zake, hasa miisho, tukitafuta kinachojirudia.

Nilimchagua mwigizaji mmoja wa polari, mwenye pua iliyovunjika na koti refu, ambaye kwetu Bukavu, mji wa Kivu, mashariki mwa Kongo, tulimwita Tonton, yaani mjomba. Hoja yangu ilikuwa kwamba Kivu ilimpenda kwa sababu kila mara alitoka hai. Filamu yake kubwa kuliko zote sikuipata popote Stockholm, na vitabu viliisimulia bila kutoboa mwisho. Basi nikatafuta mashahidi. Jumapili baada ya ibada nilikwenda kitongoji cha Akalla, nikaketi na Wakongo wa kwetu, wa rika langu, nikawauliza mmoja mmoja: mwishoni Tonton anafanya nini? Walijibu sawa wote. Anavuka daraja, koti begani, hageuki nyuma. Mama mmoja alinyanyuka akatembea vile vile, kitenge begani.

"Mpisheni, Tonton anapita," mumewe akasema. "Ila huyu ana deni la kuosha vyombo."

Sura yangu katika kitabu cha idara ilisimama juu ya daraja hilo, na ajira yangu ya kudumu ilisimama juu ya sura hiyo.

Kisha nakala kamili ikatolewa Ufaransa kwenye dividii. Mkuu alifurahi hata akataka tuitazame pamoja na wanafunzi. Tonton alivuka daraja, koti begani. Nikanyanyuka kuwasha taa. Filamu ikaendelea.

Ofisini Mkuu hakunifokea. "Mashahidi wako ni wengi," alisema, "na wote wamekosea namna moja. Hilo halitokei."

Ndipo nilipoelewa. "Hawakuwa wengi, Mkuu. Tulikuwa ukumbi mmoja."

Ulikuwa ukumbi wa parokia yetu ya Bukavu, na aliyeendesha mashine yake ya filamu, Papa Birindwa, sasa alikuwa akiishi Vårby gård, kitongoji kingine cha Stockholm. Nilimkuta jikoni anapika sombe, yaani kisamvu.

"Papa, ile filamu ya daraja. Tonton anakufa."

Alicheka. "Nani amekudanganya? Hawa Wazungu?"

"Nimeona kwa macho yangu."

Alizima jiko. "Padri alikuwa anatazama kwanza, peke yake. Pale asipopenda, anaweka karatasi ndani ya bobini." Bobini ni gurudumu la utepe wa filamu. "Mimi njo nilikuwa nakata. Nilifikiri ni mabusu." Njo ni ndiyo ya kwetu Bukavu.

"Hukutazama ulichokata?"

"Padri amesema usitazame. Wewe ungetazama?"

"Ningetazama."

"Njo maana hawakukupa makasi." Alifunika sufuria. "Nani alimzika?"

"Hakuna, Papa. Filamu inaishia hapo."

"Basi padri alikuwa na haki."

Mkuu hakukubaliana na padri. Alisema ile ni nakala iliyoharibiwa, na sisi tunasoma filamu, si makasi. Nikamjibu kwamba watu wa kwetu walipanga foleni kwa ajili ya mtu aliyevuka daraja. Yule wa kando ya mto hawakumjua kamwe. Kama foleni ndiyo kazi yetu, basi nyota wa Bukavu ni mwingine, na makasi yalikuwa na mkono katika kumuumba. "Andika wote wawili," Mkuu alisema. "Aliyekata aje hapa idarani mwenyewe aseme. Asipokuja, sura inaondolewa."

Papa Birindwa alikuja na suti yake ya kanisani. Sura ikabaki, na mimi nikabaki.

Nimestaafu sasa. Vijana wanaoingia kazi hii huniuliza waanze na nini. Nawaambia, kabla hujamuuliza mtu aliona nini, muulize aliketi wapi. Niliamini hilo litanitosha hata mimi, mpaka siku nilipompelekea Papa Birindwa kitabu kilichochapwa. Alikipapasa, akasema taratibu, "Lakini ile haikuwa moja."

Alikata nyingi. Hakumbuki zipi. Tangu siku hiyo nimetafuta kila filamu niliyoiona katika ukumbi ule. Baadhi ziko kama ninavyozijua. Nyingine nimezitazama mkono mdomoni, kama mtu anayesomewa habari za ndugu zake. Imebaki moja, kichekesho cha mpishi na mama mkwe wake, ambayo ndiyo iliyonifanya nipende sinema nikiwa msichana. Ninavyoikumbuka, inaishia kwenye mlango wa kanisa, bibi harusi amenyanyua mguu kuingia. Nakala yake sijaipata, Stockholm wala Paris. Papa Birindwa anasema iko karatasi moja anayoikumbuka katika kichekesho fulani, ila ni kipi, hajui.