Siku Madam Birago Alipohesabu Vichwa

Kanuni ya Agartha Birago ilikuwa hii: basi halitikisiki mpaka kila mwanafunzi aitwe kwa jina, aitike kwa mdomo wake mwenyewe, na uso wake uonekane. Vichwa havihesabiwi. Mbuzi ndio wanaohesabiwa vichwa, alikuwa akisema, na hata mfugaji hodari humjua kila mbuzi kwa rangi yake.

Kanuni hiyo aliishika miaka kumi na tisa, akiwa mlezi wa chama cha wanafunzi wa jiografia katika chuo chetu cha ualimu, huku kwetu mkoani Bono. Aliivunja mara moja tu, Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, kwenye maporomoko ya maji ya Asuofiri.

Alikuwa mjane, mtoto wa wakulima wa kakao, mwalimu wa ramani na mito. Safari ya wanafunzi kwake haikuwa matembezi. Wiki moja kabla alikwenda mwenyewe mahali penyewe, akapima kina cha maji kwa mpini wa fagio, akauliza zahanati ya karibu iko wapi na kama Jumamosi muuguzi huwa yupo. Jioni ya kuamkia safari alimwita dereva akamuuliza atalala saa ngapi, kisha asubuhi akamwangalia machoni kuona kama alilala kweli. Mara mbili alirudisha basi kwa sababu ya magurudumu yaliyokwisha, wanafunzi wakiwa wameshapanda na kuanza kuimba. Walimchukia siku hizo. Walimwita Madam Majina, naye alijua na hakujali. Katika safari kumi na sita, jeraha kubwa kuliko yote lilikuwa la nyuki.

Asubuhi ya siku ile mambo yalikwenda kama kawaida. Wanafunzi walikuwa arobaini. Alisimama mbele ya basi na orodha yake.

"Issahaku Abiba!"

"Nipo, Madam."

"Upo wapi? Sikuoni."

"Hapa, Madam, nyuma ya Mwenyekiti. Kichwa chake kikubwa."

"Twumasi, punguza kichwa."

"Madam, hiki nilipewa na baba," alisema Twumasi, mwenyekiti wa chama, na basi zima likacheka. Abiba alisimama dirishani, msichana mrefu kutoka mji wa Wa, kaskazini, mwenye kitambaa cha kijani kichwani, akapunga mkono. Birago akaweka alama mbele ya jina lake. Ndipo akaendelea.

Kule Asuofiri pia hakukuwa na kosa. Alifunga kamba kwenye bwawa lililo chini ya maporomoko, na hakuna aliyeruhusiwa kuivuka. Walikula waakye, wali wa maharage, wakapima kasi ya mkondo, wakaandika walichotakiwa kuandika. Ilipokaribia saa tisa na nusu mchana, mawingu yalijikusanya upande wa juu wa mto, na mlinzi wa maporomoko akaja akamwambia kwamba huko juu mvua imeshaanza na kabla ya jioni mto utajaa. Dereva, mzee Ntim, hakutaka kusikia zaidi.

"Madam, barabara hii ikilowa tutalala hapa na vyura. Mimi vyura siwapendi."

Birago akapuliza filimbi. Wanafunzi walikimbilia basi wakiwa wamelowa maji ya bwawa, viatu mkononi.

Wakati huohuo Abiba alimpa begi lake rafiki yake Pokuaa, aliyekuwa akikaa naye kiti kimoja. "Nishikie. Naenda kusali alasiri, dakika tano tu." Akapanda nyuma ya jiwe kubwa lililo juu ya njia, mahali pakavu. Pokuaa aliliweka begi kwenye rafu ya juu ya kiti chao, kisha akaenda kukaa nyuma kabisa ya basi, kwa wenye ngoma. Hakumwambia mtu.

Kabla mlango haujafungwa alifika mhubiri mmoja mwenye Biblia kwapani, pamoja na mwanamke kijana aliyembebea kikapu cha chupa za mafuta ya kuchua. Waliomba kushushwa Nkwaeso, kilomita kumi mbele. Kwetu hapa, mtu wa Mungu haachwi njiani mvua ikitaka kunyesha, na safari isiyoombewa humfanya hata dereva ashike usukani kwa mashaka. Birago akawakubalia. Mhubiri alisimama mbele. Yule mwanamke aliona kiti kitupu dirishani, kiti cha Abiba, akakaa, kikapu mapajani.

"Tuinamishe vichwa," akasema mhubiri.

Aliomba kwa ajili ya injini. Aliomba kwa ajili ya breki, magurudumu, macho ya dereva, wazazi wa wanafunzi, na mitihani yao. Matone ya kwanza yakaanza kugonga bati la basi. Birago alikuwa amesimama na orodha mkononi, na hakuthubutu kuita majina mbele ya mtu anayeomba. Mzee Ntim alikuwa ameshawasha injini. Basi zima lilikuwa limetulia, vichwa vyote chini. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuwaona wametulia vile, na akiwa amesimama hapo macho yake yalianza kuhesabu yenyewe. Wakawa arobaini. Akahesabu tena kuanzia nyuma. Arobaini.

"Amina," basi likaitika.

"Twende, Madam?" Ntim akauliza.

Alikuwa na orodha mkononi. Kuita majina arobaini kulimchukua dakika tatu, nne akikutana na watani. Hilo alilijua kuliko mtu yeyote.

"Twende," akasema.

"Madam, leo hatuitwi?" Twumasi akauliza kutoka katikati.

"Nimehesabu. Mpo wote."

Wakashangilia na kupiga ngoma. Watu hushangilia sana siku wanaposamehewa jambo linalowalinda.

Walipofika Nkwaeso, mhubiri na yule mwanamke walishuka. Birago aliwaona wakishuka wote wawili, akawashukuru, akafunga mlango kwa mkono wake. Hakuliunganisha hilo na hesabu yake. Hesabu ilikuwa imekwisha, na kwake ilikuwa kama mtihani uliokwisha kusahihishwa.

Saa kumi na robo walifika Domfete, mji wenye soko kando ya barabara, na hapo basi lilisimama wapate chakula. Birago alinunua madonge arobaini ya kenkey, ugali wa mahindi yaliyochachushwa, kila mwanafunzi lake, akayagawa kwa mkono wake kutoka mbele hadi nyuma. Alipofika nyuma, kikapuni kulikuwa kumebaki donge moja.

Akalitazama.

"Nani hajapata?"

Vinywa vilikuwa vimejaa.

"Nauliza, nani hajapata?"

"Hilo ni la malaika wako, Madam," Twumasi akasema. "Mhubiri katuombea mlinzi, mlinzi kaja. Naye ana njaa."

"Nipe mimi, nimtunzie," mwingine akadakia.

Birago hakucheka. Alishuka na donge mkononi hadi kwa muuzaji, mama mnene aliyekuwa akipepea moto.

"Mama, umenipa arobaini, au arobaini na moja?"

"Arobaini."

"Una hakika?"

"Dada, kwa kenkey hii nimesomesha watoto wanane. Nisijue arobaini?"

"Kwa sababu limebaki moja."

"Basi kula! Mtu akibakiwa na chakula analalamika? Nyie walimu mna shida gani?"

Alirudi kwenye basi akiwa hajui tena alichokuwa akikitafuta. Wavulana kadhaa walikuwa wameshuka kukojoa nyuma ya ukuta. Akahesabu waliobaki, akapata thelathini na tatu. Akawahesabu waliokuwa ukutani kwa migongo yao, wakati wengine walikuwa wanarudi, akapata wanane. Hiyo ni arobaini na moja. Akaanza upya akapata thelathini na nane. Msichana mmoja alikuwa ameinama chini ya kiti akitafuta kiatu. Thelathini na tisa.

"Kaeni chini! Kila mtu kwenye kiti!"

"Kiti kipi, Madam? Tumeshahama tangu asubuhi."

"Chochote! Kaeni!"

Orodha ilikuwa mkobani mwake. Alisema baadaye kwamba aliigusa mara mbili, mara zote akaiacha, kwa sababu kuitoa kungekuwa kukiri kwamba pale Asuofiri alikosea. Alichokitaka ni hesabu yake itoke tena arobaini. Kwa hiyo alisubiri wa mwisho arudi kutoka ukutani, akasubiri tena waliokwenda kununua ndizi, akasimama mbele, akanyoosha kidole, akahesabu polepole kiti kwa kiti.

Arobaini.

Akakaa. Akaomba maji. "Mmenitia wazimu," aliwaambia, nao wakacheka, na yeye akacheka kidogo. "Mzee Ntim, twende."

Hapo mwanamke aliyekuwa amekaa katikati ya basi akanyanyuka, akajitwika beseni lake kichwani, akasema, "Jamani, nishuke, mbona mnaniteka?" Alikuwa muuza maji. Alikuwa amepanda kuuza vifuko vyake vya maji, akapumzisha miguu kwenye kiti kitupu. Akapita mbele ya Birago, akashuka.

Birago alimtazama akitembea na beseni mpaka akafika kwenye kivuli cha duka. Kisha akasema, si kwa sauti ya kuita mtu, "Yule wa chupa za mafuta."

"Madam?" Ntim akauliza.

"Zima gari."

Akaitoa orodha. Aliita majina huku sauti ikimkatika, na kila mmoja aliitika upesi, bila utani. Alipofika la kumi na tisa akasema, "Issahaku Abiba."

Akainua macho kutoka kwenye orodha.

"Issahaku Abiba!"

"Yupo, Madam," mtu mmoja akasema. "Begi lake hili hapa juu."

"Sikuuliza begi."

Twumasi akapiga simu ya Abiba. Ililia palepale juu ya vichwa vyao, ndani ya begi. Ililia mpaka ikakatika yenyewe, na hakuna aliyeinua mkono kuinyamazisha.

Pokuaa alikuwa ameanza kulia. "Alikwenda kusali. Nyuma ya jiwe. Alisema dakika tano."

"Mbona hukusema?" Birago akamuuliza. "Pokuaa, mwanangu, mbona hukusema?"

"Nilijua utaita majina, Madam. Wewe huita kila mara."

Mzee Ntim aligeuza basi bila kuambiwa. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Nusu saa na zaidi ilikuwa imepita Domfete katika kuhesabu.

Mvua ilikuwa imeshaikuta barabara. Mara mbili wavulana walishuka kusukuma kwenye tope. Birago alisimama njia nzima, ameshika chuma cha mlango, akirudia jambo moja: kwamba alihesabu mara mbili, kuanzia mbele na kuanzia nyuma, na zote zilikuwa arobaini. Alimwambia Ntim. Alimwambia Twumasi. Twumasi alitazama dirishani.

Walifika saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini.

Abiba alikuwa amemaliza kusali akasikia mlio wa basi likiondoka. Alikimbia hadi mahali basi lilipokuwa limeegeshwa, akakuta patupu. Barabara ya pale huzunguka kilima na kupita tena ng'ambo ya mto, na mtu mwenye mbio akikata mkondo anaweza kulikuta gari kwenye kona. Yeye mwenyewe asubuhi ile alikuwa amechora kona hiyo kwenye daftari lake. Maji yalikuwa ya kifundo cha mguu alipoingia. Katikati aliteleza, mguu wa kushoto ukazama kati ya mawe mawili, goti likageuka, na jiwe la juu likaukalia mguu. Kisha maji ya mvua ya huko juu yakafika.

Mlinzi wa maporomoko alisikia kelele zake. Hakuweza kuliinua jiwe peke yake, na hakuweza kumwacha akaite watu, kwa sababu maji yalikuwa yameshafika kifuani na ni yeye aliyekuwa akimshika kwapani asizame. Walikaa hivyo kwa muda unaokaribia saa mbili, mlinzi na msichana. Wavulana sita walishuka basini, wakaliinua jiwe kwa chuma cha kubadilishia magurudumu na kamba ileile ya bwawani. Abiba alikuwa na fahamu. Alipomwona Birago ukingoni, maji mapajani, nguo imemng'ang'ania, alimwambia tu, "Madam, nipo."

Baadaye chuo kiliunda kamati. Wapo waliosema ni mvua. Wapo waliomlaumu mhubiri, na wapo waliosema msichana alikosa kwa kwenda kusali bila ruhusa, jambo ambalo mtu mwenye haya hawezi kulisema mbele ya baba yake Abiba. Kamati iliandika kwamba ilikuwa bahati mbaya. Birago aliisoma ripoti hiyo, akaomba kalamu, akaifuta sentensi hiyo, akaandika juu yake: Nilihesabu vichwa. Kisha nikaitetea hesabu yangu. Waliiandika upya bila maneno yake.

Alijiuzulu ulezi wa chama, akaendelea kufundisha. Kila likizo alikwenda Wa, mwendo wa siku nzima, akakaa ukumbini kwa akina Abiba, na kila mara alimweleza baba yake jambo lilelile, kwamba haelewi, kwamba alihesabu kwa macho yake mawili. Mzee Issahaku alimsikiliza kwa adabu. Mara ya nne alimwambia, "Dada yangu, mimi nimeshaelewa. Wewe acha kuhesabu, unywe chai."

Daktari alieleza kwamba mguu uliokosa damu muda wote ule hauna dawa. Ungemfikia nusu saa mapema, alisema, angejaribu kuuokoa. Waliukata chini ya goti Jumatatu asubuhi. Abiba alikuwa na miaka ishirini na mbili, na alikuwa amebakiza mihula miwili awe mwalimu. Hakurudi chuoni.